Mnazi Uliobeba Bendera

"Mimi ndiye mwenye kambi hii."

Maneno hayo, msomaji, ndiyo tuliyoyaacha yananing'inia juma lililopita mlangoni pa kibanda cha Kahaso. Aliyeyasema alikuwa mgeni asiyetarajiwa na mtu: koti jeusi juu ya kanzu, tarbushi nyekundu, na viatu vinavyong'aa katikati ya vumbi la Changamwe kana kwamba vumbi lenyewe limemwogopa. Kahaso tulimwacha kashika mwiko hewani, mihogo yatokota, kinywa wazi.

Tumfunge kinywa, twende.

"Mwenye kambi?" Kahaso aliuliza. "Hii Kambi ya Makopo?"

"Hii hii."

"Na Mfalme ana habari?"

"Mfalme ndiye anayeniuzia. Yaani, watu wake."

Kahaso alicheka mpaka mwiko ukadondosha tui. Alikuwa akiuza mihogo ya nazi kwenye lango hilo tangu jeshi lije mwaka wa arobaini na mbili. Alikwisha sikia uongo wa kila cheo, lakini huu ulikuwa na nyota mabegani.

"Basi kaa, mwenye kambi. Hata wenye kambi wana matumbo."

Mgeni alikaa. Jina lake Faki, mtu wa mjini, kisiwani. Alikula kwa ncha za vidole, kama anayefanya hisani. Kisha akaisahau hisani, akaomba sahani ya pili.

"Bi Kahaso," alisema akijifuta, "nimeambiwa una minazi mle ndani ya waya."

Kicheko kilikatika.

Hapa pwani, kama mjuavyo, ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Kilima kilichokaliwa na kambi kilikuwa cha Nana Kulthum na wazee wake tangu reli haijalazwa. Lakini minazi ya mteremko wa nyuma, unaoshukia maji, ilipandwa na mzee Ngowa, mgema, babake Kahaso, baada ya kumwomba Nana ruhusa. Nana akatoa ruhusa, Ngowa akatoa jasho, miti ikawa ya Ngowa. Alipokufa ikawa ya binti yake. Jambo hilo analijua kila mtoto wa Changamwe. Jeshi halikuuliza watoto. Lilizungusha waya, likasema: tulieni, vita vikiisha mtarudishiwa.

Vita vikaisha. Waya haukuisha. Ukaingia mwaka wa arobaini na saba, ndipo likaja tangazo: kambi inafungwa, bendera inashushwa leo alasiri.

"Minazi ninayo," Kahaso alisema. "Na jioni nitaingia niikumbatie mmoja mmoja."

"Ndiyo maana nikaja kabla ya jioni."

Nyuma ya kibanda sahani iliangushwa karaini kwa makusudi. Huyo alikuwa Kitsao, nduguye Kahaso mdogo, zamani mpishi wa maafisa, sasa mwosha vyombo wa dada yake. Alifukuzwa baada ya mgomo wa Januari, na tangu hapo kila lango alilobisha alikuta jina lake limemtangulia.

"Mwulize, dada," Kitsao alisema akitokeza kichwa, "kambi inafungwa kwa nini. Maana Meja anasema ni kwa sababu ya amani."

"Amani ilikuja zamani," Faki alijibu. "Ilipita hapa langoni, hakuna aliyeipigia saluti. La, bwana. Kambi inafungwa kwa sababu yako."

"Yangu mimi?"

"Yako na wenzako. Januari mlipokaa kitako, wa bandari na wa reli na wa majikoni, Meja alikula nini?"

"Alijikaangia yai." Kitsao alitabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. "Nasikia sufuria lile halijapona mpaka leo."

"Cheka wewe. Yai lile lilifika London. Huko wakubwa wakaulizana: kambi gani hii, mpishi akikunja mikono jeshi zima linalala njaa? Wakaona jeshi lisikae karibu na bandari yenye watu wanaosikilizana. Lipelekwe bara, nyikani, ambako wa kugoma ni simba peke yake. Wameshaanza kujenga."

"Mbona imetangazwa ni kubana matumizi?" Kahaso aliuliza.

"Na ni kweli. Uingereza haina kitu, imekopa Marekani mpaka kofia. Lakini umemwona wapi mtu anayebana matumizi akijenga nyumba mara kumi ya ile anayoihama? Kubana matumizi ni jina la hotubani, dada. Jina la nyumbani ni mafuta."

"Mafuta ya nazi?"

"Ya taa, ya magari, ya meli. Matangi! Kilima hiki kinatazama maji. Meli itafika chini, bomba litapanda juu. Sasa, ardhi ikirudi kwa Nana Kulthum, wenye mafuta itawabidi wamwombe Nana. Kambi ikifungwa leo na asijitokeze mwenye dai, hawamwombi mtu. Inakuwa ardhi ya serikali, serikali inaniuzia mimi, mimi nawapa wao."

"Kumbe!" Kahaso alipiga makofi. "Kumbe si mwenye kambi, u mwenye jina tu. Wamekuvaa kama kofia."

Faki aliigusa tarbushi yake, kama kuhakikisha nani kamvaa mwenzake.

"Kofia nayo hulipwa," alisema taratibu.

"Na mimi unataka niuze miti?"

"Sitaki uuze. Nataka unyamaze. Meja atauliza mbele ya watu, nani ana dai? Nana Kulthum atasimama, maana hajui kukaa. Ataambiwa alete shahidi. Na shahidi wa ardhi ni nani? Ni yule aliyeomba kupanda akapewa ruhusa. Babako hayupo. Umebaki wewe."

"Nikinyamaza?"

"Kantini ya kambi mpya ni yako. Jiko la chuma, paa la bati, na jeshi zima lenye njaa. Na jina la huyu nduguyo litafutwa kwenye malango yote."

Mihogo iliacha kutokota, maana moto ulikuwa umesahauliwa.

"Dada," Kitsao alisema, "usinitazame mimi."

"Kwa nini?"

"Uso wangu una njaa. Utakudanganya."

Msimlaumu Kahaso upesi, wasomaji wangu. Kambi ikifungwa, mihogo ile ataila nani, mbuzi? Mbuzi wa Changamwe walikwisha zoea makopo. Na ndugu yake alikuwa akikonda mbele ya macho yake huku akifanya mzaha ili asionekane. Kahaso alipima upande huu, akapima upande ule, kisha akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Lakini nina ahadi," alisema. "Nataka dafu moja la mnazi wa bendera."

Mnazi wa bendera ulikuwa kichekesho cha Changamwe. Jeshi lilipoingia halikutaka kugharimia mlingoti. Likachagua mnazi mrefu kuliko yote, mbele kabisa, likapigilia kigurudumu karibu na kilele na kupitisha kamba. Tangu siku hiyo ikawa marufuku mtu kuupanda. Nazi zilikauka na kujiangukia zenyewe. Mkubwa mmoja kutoka Nairobi aliangukiwa na moja katikati ya saluti. Yeye alipelekwa hospitali, na nazi, wallahi, ikawekwa rumande.

Ila kwa Nana Kulthum mnazi ule haukuwa kichekesho. Ulipandwa juu ya kitovu cha Rashid, mwanawe wa pekee, siku alipozaliwa. Rashid alichukuliwa na jeshi hilo hilo, akapelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari, akaangukia huko. Kaburi lake halijulikani. Kilichobaki cha Rashid duniani ni kile kilichokuwa chini ya bendera. Nana alikuwa amemwambia Kahaso neno moja tu: "Siku watakapotoka, niletee dafu la mwanangu. Lishuke kwa mkono. Lisianguke. Yeye alianguka, yatosha." Na Kahaso akaahidi.

"Dafu?" Faki alicheka. "Chukua hata shada zima."

"Moja. Nalo lishushwe kwa mkono."

"Baada ya bendera."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Alasiri watu walijaa ndani ya waya. Palikuwa na tarumbeta moja, na mpigaji wake ana mafua. Kitsao alizuiwa langoni na jina lake, akabaki nje ameshika waya. Nana Kulthum alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, kwa sababu alisema hawezi kukalia kiti cha serikali wakati serikali imemkalia yeye.

"Kahaso, ndoo hapa," aliita.

"Abee, Nana. Shikamoo."

"Marahaba. Kisu umekuja nacho?"

"Ninacho, Nana." Kilikuwa kisu cha mihogo, kiunoni.

"Haya. Rashid alipenda dafu lisilo nyama nyingi."

"Najua, Nana."

"Wajua yote, mwanangu."

Kahaso alitamani atukanwe. Tusi lingekuwa jepesi kubeba.

Meja akapanda jukwaani. Watu walimwita Meja Filimbi, kwa kuwa alipiga mluzi kila alipokosa la kusema, yaani kutwa kucha.

"Vita nakwisha!" alitangaza. "Mimi nafurahi sana. Serikali narudisha shamba kwa mwenyewe. Kama iko mtu nasema hii shamba yake, sema sasa, ama funga mdomo siku yote!"

Kahaso, aliyebatizwa Frere Town, alikwisha sikia maneno kama hayo kutoka kwa padri katika arusi. Huko nako anayejua aghalabu hasemi.

Nana Kulthum alisimama. "Yangu."

"Shahidi iko?"

Nana alimgeukia Kahaso bila wasiwasi, kama mtu anayegeukia kibla.

Kahaso alitazama vidole vya miguu yake. Alivikuta vyote vipo. Akaendelea kuvitazama.

"Shahidi hapana," Meja alisema, akapiga mluzi.

Nana akakaa. Hakulia, hakulaani. Alivuta tu buibui lake mpaka kidevuni, kama mtu aliyepigwa na baridi katika jua lile la Changamwe.

Tarumbeta ilianza kukohoa. Meja akapiga saluti. Askari akafungua kamba, na bendera ikaanza kushuka. Ndipo Kahaso alipoinua macho akaona wanaume wawili wasio wa hapa wakija na msumeno mrefu, wakachuchumaa shinani mwa mnazi na kuupima kwa macho.

Alimwendea Faki mbio.

"Hao wanataka nini?"

"Mnazi unaondoka bendera ikigusa chini." Faki hakumtazama. "Amri. Usibaki mti wa kudaiwa."

"Uliniapia!"

"Niliapa baada ya bendera. Utaanguka, utaokota dafu lako. Dafu ni dafu."

"Nilikwambia lishushwe kwa mkono!"

"Bi Kahaso." Sasa alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya kusihi. "Ukiugusa mti ule umesema mti una mwenyewe. Kantini imekwenda. Nduguyo amekwenda. Kwa ajili ya dafu? Tulia. Bado kidogo tu."

Bendera ilikuwa robo ya safari.

Wasomaji wangu, mwanamke hapandi mnazi. Hilo nalo analijua kila mtoto. Lakini mzee Ngowa alikaa miaka mingi bila mtoto wa kiume, na miti haingoji. Basi alimfundisha Kahaso alfajiri, watu wamelala, akamwapisha asimwambie mamake. Na vidato alivyovichonga Ngowa kwenye mnazi wa Rashid, alipokuwa akimwangalizia Nana, vilikuwa bado vipo, vimezibwa vumbi tu.

Kahaso alifunga leso moja kiunoni kwa fundo la watu wanaokwenda kugombana. Ya pili akaizungusha shingoni. Akauma kisu kwa meno.

Watu wa msumeno walidhani anakuja kuwauzia mihogo. Walipotambua, nyayo zake zilikuwa juu ya vichwa vyao.

"He!" mtu alipiga kelele. "Kahaso anapanda!"

"Panda, dada!" Kitsao alinguruma kutoka wayani. "Panda!"

Walikutana katikati, yeye akipanda, bendera ikishuka. Ilimfunika kichwa chote. Askari wa kamba alikosa amri ya kufuata, akasimamisha. Kahaso aliipangua kwa mkono mmoja, kama mtu anayepita penye nguo zilizoanikwa, na yenyewe ikamkwama begani. Tarumbeta ilipiga chafya, ikanyamaza. Meja, masikini, alikuwa na mkono kipajini. Kanuni hazimruhusu kuushusha mpaka bendera ifike chini, na bendera ilikuwa imekaa begani mwa muuza mihogo. Akabaki vivyo hivyo, anapiga mluzi wa hasira.

Watu walicheka. Nana Kulthum hakucheka. Alikuwa amesimama tena, uso juu.

Kahaso aliitupa bendera nyuma yake, akafika kileleni, akakumbatia kuti, akageuka kuvuta pumzi. Na kutoka huko juu, kwa mara ya kwanza tangu waya uzungushwe, aliuona mteremko wa nyuma.

Hapakuwa na mnazi hata mmoja.

Yote ilikuwa imelala, vichwa chini, imekatwa na kuburutwa pembeni. Makuti yalikuwa hayajakauka. Mahali pake palilazwa mabomba meusi mpaka majini, na watu walikuwa wakiteremsha mabati mapana ya duara kutoka kwenye malori. Huku mbele wanafunga. Kule nyuma wamekwisha fungua.

Miti ya Ngowa. Aliuza kimya chake asubuhi, na miti ilikuwa imekwisha kufa.

Machozi yalimjia, na mtu aliye juu ya mnazi hana mkono wa kufutia machozi. Aliyaacha. Alipapasa shada, akaligonga hili, akaligonga lile, akachagua moja changa, lisilo nyama nyingi. Alilikata polepole, akalifunga katika leso ya pili, akalibeba mgongoni kama mama abebavyo mtoto. Akaanza kushuka.

Chini walimngoja Meja, ambaye bendera ilikuwa imemwachilia mkono hatimaye, na sajini mwenye pingu. Faki alisimama nyuma yao, rangi imemtoka.

Meja alikuwa mwekundu kuliko tarbushi.

"Wewe!" alifoka. "Nani nakupa ruhusa kupanda hii mti? Nani?"

Mnaona, wasomaji, alichokiuliza? Kahaso alikiona. Alimtazama Kitsao kwenye waya, mifupa ya mashavu imetokeza. Kitsao akageuza uso upande wa pili, asije akamdanganya.

"Nana Kulthum," Kahaso alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Yeye ndiye mwenye ardhi hii. Babangu Ngowa hakupanda mti hapa ila kwa kumwomba yeye. Mimi ni shahidi."

Mnong'ono ulipita katika watu kama upepo makutini. Mmoja akasema, "Tumesikia." Na mwingine, "Sote tumesikia."

Mluzi ulimkauka Meja midomoni. "Pingu!" alisema. "Na nyinyi, kata hii mti! Kata!"

"Na wewe," Kahaso alimwambia Faki, "uliponunua kimya changu, miti yangu ilikuwa imekwisha katwa. Yote. Nenda nyuma kaone. Au ulijua?"

Faki alitazama upande wa mteremko, kisha akamtazama Meja, kwa macho ya mtu aliyeuziwa mbuzi akakuta kamba. Hakuwa amejua kwamba mabomba yalikwisha lazwa bila kungoja jina lake. Alivua tarbushi yake polepole. Na hakuelekea kwenye gari lake, msomaji. Alianza kumwendea Meja.

Msumeno uliwekwa shinani. Ghafla Kitsao alikuwa ndani ya waya. Namna alivyopita hakuna aliyeiona, ila shati lake lilibaki limening'inia kule. Alikaa kitako mbele ya meno ya msumeno, akakunja mikono kama alivyoikunja Januari.

Sajini alimshika Kahaso mkono.

"Ngoja," Kahaso alisema.

"Amri, mama."

"Una mama wewe?"

Sajini alikuwa naye. Aliachia mkono, akajifanya anatafuta ufunguo wa pingu.

Kahaso alifungua leso, akatoa dafu, akalipasua kichwa kwa kisu cha mihogo, akapiga goti mbele ya kiti cha Nana Kulthum. Hakuweza kumtazama usoni.

"Nilikuchelewesha, Nana," alisema.

Nana alilipokea kwa mikono miwili. Alilinusa kwanza. Kisha akanywa, bila haraka, amefumba macho. Meja akapayuka, Faki naye akapayuka, na yeye akanywa tu, mpaka tone la mwisho likamteremka kidevuni.

"Halikuanguka," Nana alisema.

"Halikuanguka," Kahaso alijibu, akainuka, akamnyooshea sajini mikono yote miwili.